Injini ilinizimikia hewani, mafundi hawaoni ubovu. Nirudije kuruka?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 21, mwanafunzi wa urubani. Nakuandikia kwa sababu kila ninayemweleza jambo hili hunipongeza, halafu anabadilisha mazungumzo.

Majuma machache yaliyopita nilikuwa peke yangu katika eneo la mazoezi, kwenye ndege ya injini moja yenye viti vinne. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, mawingu yalikuwa bado juu yangu na hewa ilikuwa na unyevu mwingi, lakini nilikuwa naona mbali vizuri. Nilikuwa futi 2,500 kutoka ardhini, sipandi wala sishuki. Mshale wa mizunguko ya injini ukashuka kidogo. Nikasukuma wenzo wa nguvu mbele, ukarudi mahali pake. Baada ya muda ukashuka tena, nikasukuma tena. Kisha ndege ikaanza kutetemeka. Nikavuta wenzo wa joto la kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kama tulivyofundishwa, mtetemo ukazidi, na mara nguvu zikaisha kabisa. Propela ilikuwa bado inazungushwa na upepo, kwa hiyo kwa sekunde kadhaa sikuamini kwamba injini imekufa.

Nilishusha pua, nikashika mwendo wa kuelea bila injini, nikageukia upande wenye mashamba. Nikakagua mafuta, wenzo wa mchanganyiko wa petroli na hewa, na magneto zinazotoa cheche. Haikuwaka. Nikatoa wito wa Mayday, nikachagua shamba lililokwisha kuvunwa, nikafunga mafuta, nikazima umeme, nikalegeza mlango na kutua. Gurudumu la mbele lilizama kwenye udongo laini na mguu wake ukapinda. Mimi sikupata hata mchubuko.

Matatizo yalianza baadaye. Mafundi waliiwasha injini ile, ikanguruma vizuri kana kwamba hakuna kilichotokea. Mafuta yalikuwa safi na tangi zina zaidi ya nusu. Wachunguzi wamechukua maelezo ya mwanzo na bado wananisubiri niandike ya kina. Wenzangu wananiita shujaa, isipokuwa mmoja aliyeniuliza mbele ya watu kama sikuvuta wenzo wa mchanganyiko kwa bahati mbaya. Mwalimu mkuu anasema mashine ni mashine, na kwamba ndege ikishatengenezwa nitaruka nayo peke yangu, ili nisikae na hofu.

Tangu siku ile nimeruka na mwalimu wangu na nimetua vizuri. Lakini sikio langu haliachi kuisikiliza injini. Wakati wa kupaa mkono wangu unabana usukani mpaka vidole vinakufa ganzi. Usiku naota sauti ya injini ikishuka, nashtuka, na usingizi haurudi. Naogopa kumwambia daktari anayetupima afya, asije akanifungia cheti. Mama ananisihi niache kabisa.

Nitaiaminije injini ambayo hakuna anayejua kwa nini ilizimika? Na je, mwalimu mkuu ana haki ya kunirudisha peke yangu haraka hivi, tena kwa ndege ileile?

Wako mtiifu,
Rubani Mwanafunzi


Marahaba, binti yangu.

Kwanza pole, na ninafurahi kwamba unaandika barua hii ukiwa mzima. Wanaokupongeza wana haki ya kukupongeza, ila naona pongezi hazijakusaidia kulala. Umeuliza kwa nini injini ilizimika, na hilo ndilo swali la kushughulikia kwanza. Kuna sentensi moja katika barua yako niliyoisoma na kuirudia: mshale wa mizunguko ulishuka kidogo, ukasukuma nguvu, ukashuka tena, ukasukuma tena.

Unyevu mwingi hewani baada ya mvua, propela isiyobadilisha pembe, mizunguko inayoteremka polepole, mtetemo, joto la kabureta likavutwa na hali ikazidi kuwa mbaya, kisha kimya. Halafu ardhini injini ikawaka bila tatizo lolote. Mtu yeyote aliyefundisha kwa ndege za kabureta akisikia mfululizo huo atataja barafu ya kabureta kabla ya kitu kingine.

Wanafunzi wengi huambiwa barafu hii ni jambo la nchi za baridi, na hapo ndipo tunapowakosea. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta hufyonza joto, na hewa inapopita kwenye koo jembamba huzidi kupoa. Kwa pamoja joto ndani ya kabureta linaweza kuwa chini ya lile la nje kwa nyuzi 20 na zaidi. Siku ya nyuzi 25, unyevu ukiwa mwingi, barafu inaweza kujijenga kwenye kuta za kabureta na kwenye kile kibati kinachofunguka unaposukuma wenzo wa nguvu, huku wewe umevaa shati jepesi tu. Hatari ni kubwa zaidi unaposhuka kwa nguvu kidogo, ila hata katika safari ya kawaida hutokea. Njia ya hewa inapozidi kuwa nyembamba, mizunguko hushuka. Rubani anasukuma nguvu, kibati kinafunguka zaidi, mshale unarudi, naye anaona mambo yamekaa sawa, kumbe barafu inaendelea kukua. Hakuna kinachokuonya mpaka injini inapoanza kukohoa.

Sasa angalia kilichofuata ulipovuta joto. Wenzo ule huleta hewa iliyopashwa moto na bomba la moshi. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi kupita kiasi na nguvu zinapungua. Wakati huohuo barafu inayeyuka na maji yake yanaingia kwenye silinda. Injini iliyokuwa inatetemeka inatetemeka zaidi, na ikiwa barafu ni nyingi inaweza kukohoa hivyo kwa muda unaoonekana mrefu mno kwa aliye ndani. Dawa ni kuuvuta wenzo mpaka mwisho na kuuacha hapo. Kama injini imeshapoteza nguvu, bomba la moshi linapoa na lile joto lenyewe linakwisha. Ndiyo sababu tunasisitiza kuvuta mapema, mshale unaposhuka mara ya kwanza bila wewe kugusa kitu.

Na ukishatua, joto lililobaki kwenye injini huyeyusha kilichobaki. Fundi anapofungua kifuniko anakuta kabureta kavu na safi. Injini kuwaka vizuri kesho yake kunaendana kabisa na barafu, wala hakukufanyi wewe mwongo.

Siwezi kukutolea hukumu kwa barua. Zipo sababu nyingine zinazojificha vilevile ndege ikiwa chini. Tundu la kupumulia tangi likiziba, mafuta hutiririka vizuri kwa muda kisha yanapungua. Magneto inaweza kufanya kazi ikiwa baridi na kufa ikipata moto. Vali inaweza kukwama injini ikiwa na joto kali na kujiachia ikipoa. Kwa hiyo “tumeiwasha ikanguruma” si jibu la kutosha. Muulize fundi mkuu, kwa heshima na kwa maandishi: je, waliiendesha mpaka ikafika joto la kazi, na kwa nguvu kubwa? Matundu ya tangi na chujio la mafuta yalikaguliwa? Magneto zilipimwa zikiwa moto? Na hili usiliache: kebo ya joto la kabureta inafungua mlango wake wa hewa mpaka mwisho, au inaishia katikati? Wenzo unaweza kuvutika vizuri kabisa ndani ya chumba cha rubani huku upande wa pili kebo imelegea na mlango umefunguka nusu. Mizunguko ikishuka kidogo mno wenzo unapovutwa ardhini, hiyo ni dalili.

Mpaka upewe majibu hayo, usipande ndege ile, si peke yako wala na mwalimu. Rubani ana haki ya kukataa ndege asiyoridhika nayo, na haki hiyo inaanza ukiwa mwanafunzi. Mwalimu mkuu mzuri atakusifu kwa kuuliza. Akikasirika, bado uliza.

Naona utakavyoliangalia lile jambo la kusukuma nguvu mara mbili. Usilifanye kitanzi. Ulifundishwa kushika mizunguko fulani na uliishika. Pengine hakuna aliyekukalisha chini akakueleza kwamba mshale ukishuka wenyewe, swali la kwanza ni “kwa nini?” kabla ya mkono kusogea. Sasa umejua. Liandike lote kwenye maelezo yako kwa wachunguzi, pamoja na mawingu na unyevu. Kiambatisho cha 13 cha mkataba wa Chicago, ambacho ndicho msingi wa uchunguzi wa ajali za ndege duniani, kinasema wazi kwamba lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa. Maelezo yako yanaweza kumfikia mwanafunzi mwingine kabla mshale wake haujashuka.

Huyo mwenzako wa wenzo wa mchanganyiko mjibu mara moja tu kisha mwache. Ukivuta wenzo ule injini hukatika ndani ya sekunde chache. Haiteremki pole pole, ikarudishwa kwa nguvu, ikateremka tena. Tena uliukagua angani.

Tuje kwenye hofu. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sikio lako limeumwa. Haliwezi kuamriwa linyamaze, ila linaweza kupewa kazi yenye mpaka. Kila baada ya dakika 10 au 15 za safari fanya ukaguzi uleule kwa mpangilio uleule: mafuta, redio, injini, dira, kimo. Ukifika kwenye injini, soma kwanza mizunguko, vuta joto la kabureta mpaka mwisho, hesabu sekunde 15, kisha rudisha. Mshale ukirudi juu kuliko ulipokuwa kabla hujavuta, barafu ilikuwepo na umeiondoa. Kati ya ukaguzi na ukaguzi, sikio likianza kukusumbua, liambie zamu yake inakuja. Naamini njia hii kwa sababu inaipa hofu kitu cha kweli cha kuangalia. Kumwambia mtu “usiogope” hakumpi kitu.

Umeuliza utaiaminije injini. Jibu langu ni kwamba hukuwahi kutakiwa kuiamini hivyo. Imani yako iweke kwenye mabawa na kwenye akili yako. Kwa ndege ndogo za Cessna 172 za zamani zenye kabureta, mwendo bora wa kuelea bila injini ni noti 65, yaani kama kilomita 120 kwa saa. Kwa Piper Warrior ni noti 73. Ukiushika, ndege kama 172 inakwenda mbele karibu maili moja na nusu za baharini kwa kila futi 1,000 inazoshuka, kama hakuna upepo. Kutoka futi 2,500 ulikuwa na dakika tatu na nusu hivi. Ni muda mfupi, lakini umeona mwenyewe mambo uliyoyafanya ndani yake, tena kwa mpangilio.

Omba sasa mazoezi ya kutua bila injini na mwalimu, yasiwe yale ya kila siku ambayo wote mnajua shamba litakuwa lipi. Mwalimu apunguze nguvu usipotarajia, ukiwa juu sana, ukiwa chini, ukiwa na upepo mgongoni. Kila futi 500 au 1,000 za kushuka mpashe injini moto kwa kuongeza nguvu kidogo, joto la kabureta likiwa limevutwa, ili zoezi lisigeuke kuwa dharura. Jifunze vizuri kuitelezesha ndege ubavu ili kupoteza kimo bila kuongeza mwendo. Tarehe 23 Julai 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani, na Kapteni Bob Pearson akaitelezesha ubavu hivyohivyo ili kuitua kwenye uwanja wa zamani wa kijeshi wa Gimli, Kanada. Watu wote 69 walitoka hai. Pearson alikuwa mrukaji wa glaida, zile ndege zisizo na injini kabisa. Kama kuna klabu ya glaida unayoweza kuifikia, nenda. Sijui zoezi jingine linalomwonyesha rubani kwa uwazi kiasi hicho kwamba ndege bila injini bado ni ndege.

Vidole kufa ganzi wakati wa kupaa nakuelewa kabisa, kwa sababu hapo ndipo muda ni mchache zaidi. Kabla hujaachia breki sema kwa sauti: injini ikikatika bado niko ardhini, nafunga nguvu, nasimama, ikikatika baada ya kuinuka na kimo ni kidogo, nashusha pua mara moja na kutua mbele, kulia au kushoto kidogo tu. Taja na kimo ambacho wewe na mwalimu mmekubaliana kwamba chini yake hamgeuki kurudi. Kugeuka kumeua marubani wazoefu. Ukilaza bawa nyuzi 45 unapogeuka bila kupoteza kimo, mwendo ambao mabawa yanaacha kubeba ndege unapanda kwa karibu asilimia 19. Ukilaza nyuzi 60, kwa asilimia 41. Na kurudi uwanjani hakuishi kwenye nyuzi 180, kwa kuwa lazima ugeuke zaidi ili uipate tena njia ya kutua. Uamuzi uliokwisha kusemwa kwa sauti ardhini hausubiri ujasiri wako hewani.

Mguu wa mbele uliopinda usikukoseshe raha. Ndege ndogo kwa kawaida hujengwa ili waliofunga mikanda waweze kustahimili kusimama kwa ghafla kwa mara tisa ya nguvu ya uvutano. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kusimama kwa nguvu hiyo kunahitaji chini ya mita 3 tu, ilimradi ndege inapunguza mwendo sawasawa. Mwendo ukiwa maradufu, umbali ni mara nne. Uligusa ardhi ukiwa na mwendo mdogo na ndege ukiwa bado unaitawala. Chuma kilipinda, wewe hukupinda.

Kuhusu usingizi, kushtuka usiku majuma ya mwanzo baada ya tukio kama hili ni kawaida ya mwili, na kwa wengi hupungua polepole. Kukizidi mwezi, au ukianza kukwepa kuruka, kula vibaya, kuwa na hasira usizozijua, basi unahitaji mtu wa taaluma. Nenda kwa daktari wa anga mapema, tena kwa hiari. Hofu ya kufungiwa cheti imewafanya marubani wengi wakae na mambo yanayotibika mpaka yakawa makubwa. Pengine atakuambia upumzike kwa muda. Hilo si sawa na kukufungia. Usinunue dawa za usingizi na kuruka kesho yake bila yeye kujua. Na siku uliyolala vibaya, piga simu useme hurushi ndege. Huhitaji sababu nyingine.

Mwalimu mkuu ana mamlaka ya kukuruhusu kuruka peke yako, lakini hana mamlaka ya kukulazimisha. Wazo lake la kutokuacha ukae na hofu silikatai, nalikubali nusu. Kukaa miezi bila kuruka kunaikuza hofu, ila kukutuma peke yako kwenye ndege ambayo maswali yake hayajajibiwa si tiba. Mpelekee mpango: kwanza mazoezi niliyoyataja, na mwalimu unayemwamini, kisha kupaa, kuuzunguka uwanja na kutua peke yako kwa ndege nyingine, mwisho, kama mafundi wamejibu, ndege ile. Muda wa kila hatua uamuliwe na unavyoruka na unavyolala.

Mama yako usimwahidi kwamba haitatokea tena, maana huwezi kuishika ahadi hiyo. Keti naye umweleze kilichotokea kwa utulivu, hatua kwa hatua, kama ulivyonieleza mimi. Nina hakika hajausikia mpangilio ule. Amesikia tu kwamba injini ilizimika mtoto wake akiwa juu. Huenda bado akakuomba uache, na kuacha si aibu. Ila uamuzi huo ufanye ukiwa umelala majuma mawili mfululizo, usiufanye saa tisa za usiku.

Anza na karatasi mbili: maelezo kamili kwa wachunguzi, pamoja na ile mishuko miwili ya mshale, na orodha ya maswali kwa fundi mkuu. Ukijibiwa, niandikie tena. Nataka hasa kujua walikuta nini kwenye kebo ya joto.